Mfereji Unaokataa Pesa

Unguja, Jumapili baada ya Alasiri

Mwanangu Salim,

Ile sauti uliyonitumia usiku wa kuamkia Ijumaa nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilikuwa jikoni na sufuria inafoka, hiyo usiihesabu. Umeniambia, "Shangazi, hili usimwambie mtu, hata baba." Baba yako sijamwambia. Lakini nimecheka kidogo, unisamehe, maana katika dakika saba umetumia sita kunieleza jinsi mteja atakavyolipia maji kwa simu, apate namba, aibonyeze kwenye kiboksi, mfereji ufunguke. (Nasema mfereji, wewe sema bomba kama walivyokuzoesha huko Dar.) Mwishoni kabisa, kama mpishi aliyekumbuka kutaja chumvi, ukasema klorini ikiisha kwenye chupa, boya linashuka na kiboksi kinakataa kupokea malipo. Ukaaga.

Salim, hiyo chumvi ndiyo mchuzi wenyewe. Nivumilie nikueleze kwa nini.

Kwanza hofu yako. Unasema mwalimu wako hujamwonyesha kitu kwa sababu M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi Mkenya, wakubwa wakamdhulumu. Hadithi hiyo nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia harusini, na mara moja kwa mtu aliyeapa kwamba kasoma na huyo kijana. Safaricom yenyewe imekwisha kuikanusha. Yaliyoandikwa ni kwamba kazi ilianzia Vodafone kule Uingereza, chini ya Nick Hughes na Susie Lonie, na sehemu ya fedha ikatoka serikali ya Uingereza. Oktoba 2005 wakaanza jaribio nchini Kenya, maduka manane tu na wateja wasiofika 500. Na shabaha yao haikuwa kutumiana pesa. Ilikuwa watu waliokopa kwenye taasisi ya mikopo midogo ya Faulu waweze kulipa marejesho kwa simu.

Hapo ndipo panaponifurahisha. Wateja wale wakaanza kukifanyia kitu kile mambo ambayo hakuna aliyewafundisha. Msafiri anaweka pesa kwa wakala mjini, anapanda gari mikono mitupu, anazitoa afikako. Mwenye duka anaweka mauzo ya jioni humo, maana benki zimefunga na nyumbani hapana usalama. Waliokuwa wakiliendesha jaribio wakatazama, wakaandika, na Machi 2007 huduma ilipozinduliwa mkopo ukawa umesahauliwa. Tangazo likawa ni kutuma pesa nyumbani. Sasa niambie: lau mwizi angeiba wazo lile 2005, angeondoka na nini? Angeondoka na mtambo wa kulipia madeni.

Lakini sisemi uchungu wa hadithi ile hauna mzizi. Kwa miaka mingi jina la M-Pesa na haki zake zilikuwa mikononi mwa Vodafone, na Safaricom, ambayo wateja wake ndio waliokikuza kitu kile, ilikuwa ikilipa ada kwa kukitumia. Ni mwaka 2020 tu ndipo Safaricom na Vodacom walipozinunua haki hizo kwa pamoja. Watu walinusa kwamba jasho liko kwao na hati iko kwingine, wakamtunga mwanafunzi ili jambo lile lipate sura.

Basi turudi kwenye dakika zako sita. Kulipa kwanza ndipo upate huduma, kwa namba unayobonyeza mwenyewe, bibi yako alikuwa akifanya kila umeme ulipokatika. Tarakimu 20 za tokeni ya mita hazikuanzia kwetu. Ni mfumo uliotoka Afrika Kusini, unaohesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi yake ya kuhesabia ilikuwa na mwisho. Ndiyo maana 2024 tulihimizwa kuingiza tokeni za ziada ili mita zisije zikagoma Novemba. Na mifereji ya kulipia kabla ipo tayari, Bara na kwingineko. Hayo ndiyo wakaguzi wa hataza, ile hati ya uvumbuzi unayotaka kuiomba, wanayaita yanayojulikana tayari, na wakiyakuta, ombi lako linakwama mlangoni.

Kuna kikwazo kingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 na ile ya Tanzania Bara ya mwaka 1987 zote zinasema mpango au utaratibu wa kufanyia biashara, kwa wenyewe, si uvumbuzi. Wamarekani walikuwa wakarimu zaidi. Mwaka 1999 walimpa Amazon hataza ya kununua kwa kubofya mara moja. Ila hata wao 2014 Mahakama yao ya Juu, katika kesi ya Alice na CLS Bank, ilisema ukichukua utaratibu wa kawaida wa fedha ukaupitisha kwenye kompyuta, hujavumbua kitu. Kwa hiyo "mteja atalipa kwa simu" usiliwekee kufuli. Hakuna wa kukuibia, na hakuna wa kukupa hati.

Boya je? Hapo pana kifaa. Pana chupa, pana kitu kinachopanda na kushuka, pana waya unaokwenda kwenye kiboksi, na pana matokeo ambayo sijayaona kwingine: mashine ya kuuzia inayokataa kuuza maji yasiyo salama. Wauzaji wote ninaowajua, dawa ikiisha wanaendelea kuuza, na usiku huo huo mtu anaanza kuharisha. Mimi nimefanya kazi maabara miaka mingi. Nimepima maji ya visima kwa kile kidonge kinachoyageuza rangi ya waridi kama klorini imo, na nimeshika kichupa kikabaki cheupe mbele ya mwenye kisima aliyenihakikishia kwamba katia dawa asubuhi. Pengine alitia kweli. Klorini huisha, hasa maji yakiwa na taka. Hakuna anayeiona ikiisha. Boya lako linaiona, angalau ile ya kwenye chupa.

Nikupe mfano wa kitu kidogo kilichobeba kikubwa. Mwanzoni mwa 2009, ulikuwa bado skuli ya msingi, ilipitishwa huku Unguja na Pemba chanjo ya kipindupindu ya kunywa iitwayo Dukoral. Ilitokana na utafiti wa Sweden: bakteria waliouawa, wakiongezewa kipande cha sumu yao kisicho na madhara. Kipande hicho asidi ya tumbo hukiharibu, kwa hiyo kila dozi inakuja na pakiti ya unga. Mimi nilikuwa kwenye meza moja, kazi yangu majagi. Unatia maji safi, unatia unga, linapanda povu kama soda, unachanganya chanjo, unampa mtu anywe mbele yako. Kisha gilasi inayofuata. Watoto wanalicheka povu, wazee wananusa kwanza. Dozi ni mbili, kwa hiyo wote hao tuliwangoja warudi tena. Na fikiria kichekesho chake: tunapambana na ugonjwa wa maji machafu, na chanjo yenyewe haifanyi kazi mpaka upate maji safi! Kwetu mezani, maji ndiyo yaliyotuchosha kuliko kitu kingine.

Ilifanya kazi, usinielewe vibaya. Matokeo yalipochapishwa 2012, kinga kwa waliokunywa dozi mbili ilikuwa asilimia 79, na hata wasiochanjwa, waliokaa mitaa ambayo wengi wamechanjwa, walipata nafuu. Lakini wakati sisi tunachanganya povu, njia nyingine ilikwisha kufunguliwa Vietnam. Wao walipewa ujuzi na Waswidi miaka ya 1980, wakatengeneza yao ya bei nafuu, na mwishowe wakakiondoa kile kipande cha sumu. Kikiondoka, unga hauna kazi tena. Unga ukiondoka, gilasi ya maji nayo haihitajiki. Taasisi ya kimataifa ya chanjo iliyoko Seoul ikairekebisha na kuwafundisha watengenezaji wa India, ikatoka Shanchol, Shirika la Afya Duniani likaipitisha 2011. Baadaye Wakorea nao wakafunzwa, ikatoka Euvichol, siku hizi imo kwenye kijibomba cha plastiki, unakata ncha unanywa, basi. Uvumbuzi mkubwa kwa macho ya mtu wa majagi ulikuwa kuondoa gilasi. Na ulienea kwa sababu waliokuwa na ujuzi waliamua kuutoa, kiwanda kwa kiwanda.

Hapo utaniuliza, kumbe nitoe bure? Sijasema hivyo. Hataza, mwanangu, si kufuli wala si siri. Ni mapatano. Wewe unaeleza kila kitu hadharani, mpaka fundi wa kawaida akisoma aweze kukitengeneza, na serikali nayo inakupa muda, kwa kawaida miaka 20, wa kumzuia mwingine asikifanyie biashara bila ruhusa yako. Ndani ya muda huo unaweza kuuza, kukodisha, kukaa nayo, au kufumba macho. Msimbo wa QR unaouchanganua ukilipa dukani ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara wa kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Hataza waliipata. Wakatangaza kwamba hawatamdai mtu anayefuata kiwango chao. Ungekuwa na malipo kila ukichanganua, muuza urojo wa Forodhani asingebandika karatasi ile mezani kwake.

Na kuna jambo linaloniogopesha kuliko wizi, nalo ni saini. Albert Schatz alikuwa na miaka 23, mwanafunzi wa Chuo cha Rutgers huko Marekani, analipwa dola 40 kwa mwezi. Alifanyia kazi chumba cha chini ya jengo, pengine akilala huko huko, maana profesa wake, Selman Waksman, hakutaka vijidudu vya kifua kikuu vipande juu. Agosti 23, 1943, akafungua jaribio la 11 katika daftari lake, na humo ikapatikana streptomaisini, iliyotolewa na vijidudu viwili vya jamii moja, kimoja kutoka udongo wa shamba lenye samadi, kingine kooni mwa kuku. Ndiyo dawa ya kwanza iliyokiweza kifua kikuu. Hataza ilipotolewa 1948 majina yalikuwa mawili, lake na la profesa. Ila Schatz alishasaini haki zake kwenda kwenye wakfu wa chuo, kwa dola 1, akiamini kwamba hakuna anayefaidika. Kumbe Waksman alikuwa na makubaliano yake pembeni ya kupata mgao wa mrabaha. Mwaka 1950 kijana akaenda mahakamani. Wakapatana: akatambuliwa kisheria kuwa mvumbuzi mwenza, akapewa asilimia 3, Waksman akabaki na 10, na 7 zikagawiwa wafanyakazi wengine wa maabara hadi muosha chupa. Tuzo ya Nobel ya 1952 akapewa Waksman peke yake.

Schatz hakuibiwa wazo. Alikuwa na jina lake kwenye hataza! Kilichompunja ni karatasi aliyotia saini bila kuuliza upande wa pili umesaini nini. Na kilichomwokoa ni daftari lenye tarehe.

Mimi sikuwa na daftari. Zamani, mimi na mwenzangu wa maabara tulitengeneza kifuniko cha ndoo chenye mkono wa kuchotea uliofungwa humo humo, ili mtu asitumbukize vidole. Tukakipeleka kwenye maonyesho fulani, tukakieleza kwa fahari, tukawaachia watu wachore. Tulipokuja kuulizia usajili tukaambiwa tumekwisha kukitoa hadharani, tumechelewa. Mwaka uliofuata nikakinunua sokoni, cha plastiki ya buluu. Kizuri kuliko chetu, hilo nakubali. Nchi nyingine zinakupa miezi ya neema baada ya kuonyesha. Ulaya hawakupi hata wiki. Kwa hiyo mwalimu wako mwonyeshe, lakini kwanza mwandikie nusu ukurasa kwamba anachokiona ni cha siri na chako, asaini, nawe uweke nakala. Uliza pia kanuni za chuo zinasemaje kuhusu vitu vilivyotengenezwa kwa vifaa vyao. Kwenye maonyesho ya wanafunzi usikipeleke kabla hujawasilisha ombi. Na kumbuka bahari: ombi unalopeleka BRELA, wakala wa usajili wa huko, ni la Bara tu. Ukitaka kulindwa na huku, kuna wakala wetu wa usajili, ombi jingine na ada nyingine.

Madai yako, yaani zile sentensi zinazochora mipaka ya unachokimiliki, yaanzie kwenye boya. Simu iweke mwisho.

Kuhusu kile cha majaribio ulichoniachia uani: wiki mbili kilikwenda vizuri, na jirani yetu amekwisha kugombana nacho mara mbili kwa kumkatalia. Jana kikampa maji na chupa ni tupu. Nilifungua nikakuta boya limekwama juu, limeganda kwa chumvichumvi nyeupe ya klorini pale linapopita kwenye kile kipande cha shaba. Shaba nadhani haifai, jaribu plastiki. Nimeandika tarehe na saa, nimechora lilivyokuwa, na jirani nimemwambia atie saini chini. Yuko ukurasa wa nne. Daftari nitampa baba yako akija Dar Jumatano. Nimelifunga kwenye bahasha, nimemwambia ni mapishi.

Shangazi yako