Njia Ipi ya Kilimanjaro?

Ndugu msomaji wa Shinyanga au Geita, uliyezoea mbuga za pamba na mashimo ya dhahabu, usidhani kuwa mkono wa sururu utakufikisha kilele cha Uhuru, meta 5,895. Huko hewa ni haba. Mchimbaji mwenye misuli huumwa kichwa na kutapika sawasawa na karani.

Kama hujapata kupanda mlima, shika njia ya Marangu, yenye vibanda vya kulala. Lakini chukua siku sita badala ya tano, upumzike Horombo, meta 3,720, mwili uzoee. Njia ya Machame, ya mahema, hukupandisha hadi meta 4,600, kisha hukushusha kulala Barranco. Faida kubwa hiyo! Umbwe ni ya wazoefu, yapanda ghafla mno. Kichwa kikizidi kuuma, shuka, hata kama ni usiku.