Kicheko cha Kazini huko Mutuini

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Nairobi kwenda Mutuini hufuata njia ya Ngong mpaka Dagoretti Corner, kisha hushika njia iendayo magharibi kupitia Waithaka. Si safari ya mbali, ingawa jioni magari yakisongamana yaweza kumchukua muda mrefu kuliko alivyotazamia. Kadiri apandavyo ndivyo hewa izidivyo kuwa baridi, na mwezi wa Julai ukungu hukaa juu ya mashamba mpaka asubuhi imekwenda sana. Zamani mahali hapa palikuwa katika wilaya ya Kiambu. Palitiwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka 1963. Hata leo ni mji na shamba kwa pamoja: nyumba ya mawe ya ghorofa nne husimama kando ya majani ya ng'ombe, na jogoo huwika karibu na duka la simu.

Lakini mgeni hushangazwa zaidi na sauti. Popote panapojengwa nyumba, na hujengwa nyingi, husikia kicheko kabla ya kusikia nyundo.

Siku ya kumwaga zege la ghorofa ndiyo siku ya kutazamwa. Zege halingoji mtu. Likiachwa nusu likakauka, sehemu mpya haitashikana vema na ya zamani, na mwenye nyumba atakuwa amejijengea ufa. Kwa hiyo watu hupangwa mstari kutoka chini mpaka juu, nao hupokezana karai moja baada ya jingine kutwa nzima. Kazi hii huvunja mgongo. Basi katika kila mstari hupatikana mmoja mwenye ulimi mwepesi, ambaye huwapa wenzake majina. Aliye mzito huitwa Kobe. Aliyevaa viatu vizuri huulizwa kama amekuja kuposa. Msimamizi asiyejua kazi angedhani wanapoteza wakati. Lakini akitazama vizuri ataona kwamba maneno yale hufuata mwendo wa karai. Neno hutupwa karai likipokewa, jibu hutoka karai likipelekwa, na mikono haikawii, kwa kuwa akawiaye ndiye atakayechekwa sasa hivi.

Mambo haya si mageni katika nchi ile. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, yaani majirani kulima pamoja shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, mpaka zamu iwazungukie wote. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza jinsi nyumba ilivyojengwa na jamaa na majirani ikamalizika kwa siku moja, wanaume wakileta miti na wanawake wakileta nyasi za kuezekea, kisha watu wakala na kunywa. Hata neno harambee, ambalo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa mwaka 1963, lilikuwa kwanza sauti ya watu wavutao mzigo mzito kwa pamoja.

Kuna jambo moja ambalo wapenda kusifu kazi za pamoja hulisahau. Mwaka 1947 watu wa Murang'a walikataa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, kazi waliyolazimishwa. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, mambo yalizidi. Kuanzia mwaka 1954 Wakikuyu zaidi ya milioni moja walihamishwa wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800, na wanawake wakatolewa kila siku kuchimba mahandaki na kutengeneza njia chini ya ulinzi. Serikali ya siku zile iliziita kazi za pamoja. Jembe lilikuwa lile lile, na majirani ni wale wale. Lakini kicheko, kama kilitoka, kilikuwa cha kumcheka mlinzi akigeuka. Katika ngwatio kila mtu alijua siku ya shamba lake inakuja. Huku hapakuwa na zamu ya mtu yeyote.

Karani ashukaye mjini kila asubuhi kutoka Mutuini anaweza kulipima jambo hili ofisini mwake. Siku hizi wakubwa wengine huweka siku moja katika mwaka ya kufurahi: fulana za rangi moja hugawanywa, watu huvuta kamba, mkubwa husema mzaha na wote hucheka, wakimtazama usoni wajue wakati wa kunyamaza. Kesho yake faili hurudi mezani na watu hawaamkiani. Heri ofisi ambayo saa nne kikombe cha chai hupita mikononi, na aliyekosea hesabu jana hutaniwa kidogo, kisha mwenzake humsaidia kuitafuta senti iliyopotea.

Tena si kila mzaha ni furaha. Wazee waliliwekea jambo hili mipaka: watu wa riika moja walitaniana watakavyo, lakini mtu hakumtania aliye rika la baba yake. Huko Tanzania Wazaramo na Wanyamwezi wana utani wao, na mtani huvumilia kwa mtani neno ambalo kwa mwingine lingempeleka barazani, kwa kuwa naye ana haki ya kulirudisha. Hiyo ndiyo siri yake. Mkubwa amtaniaye tarishi asiyeweza kumjibu hatanii, anaonea.

Huko kwenye zege la Mutuini fundi mkuu mwenyewe hushika karai watu wakipungua, naye hupewa jina kama wengine, pengine baya zaidi. Saa kumi na moja, sakafu ikiisha kusawazishwa, mwenye nyumba huleta chai na mikate. Kikombe cha kwanza hupewa Kobe, na wenziwe bado humwuliza kama kitamfika kinywani kabla ya usiku.