Umbo Hushinda Nguvu

Wahenga walinena kuwa akili ni mali. Ukweli wa kauli hii hudhihirika hata ndani ya tone la maji.

Mwaka 1883, mjini Manchester, Osborne Reynolds alipitisha uzi wa rangi katika maji yaliyotiririka ndani ya bomba la kioo. Maji yalipokwenda polepole, uzi ulinyooka. Yalipokwenda kasi, ulivurugika, rangi ikaenea kote. Katika mfereji wenye upana wa sehemu ya tano ya milimita, vurugu hiyo aghalabu haipatikani. Vimiminika viwili huandamana bega kwa bega kama wageni wasiojuana, vikipenyezana kwa mtawanyiko wa molekuli tu. Molekuli ndogo huchukua takriban sekunde 5 kuvuka sehemu ya kumi ya milimita. Protini hukawia zaidi. Je, mpimaji wa damu asubiri?

Mwaka 2002, Abraham Stroock na wenzake walichapisha jibu katika jarida la Science. Hawakuongeza nguvu, walichonga mifuo kwenye sakafu ya mfereji, mithili ya miiba ya samaki, ncha zake zikihama upande hadi upande. Mifuo hiyo huvivuta vimiminika na kuvikunja, kama mpishi wa chapati akunjavyo donge, hadi matabaka yawe membamba. Umbali ukipungua nusu, muda wa kupenyezana hubaki robo.

Mwaka 2010, mjini Boston, mifuo ya namna hiyo ilizisukuma seli za saratani zilizomo damuni kwenye kuta zilizopakwa kingamwili, zikanaswa. Naam, palipo finyu, umbo hushinda nguvu.