Lawama na Ngano ya Basotu

Lawama ni mzigo ambao kila mtu hupenda kuuona kichwani mwa mwenzake. Katika kampeni, iwe ya serikali au ya watetezi wa wanyonge, mzigo huo hutafutiwa mchukuzi, na aghalabu huwa ni mtu asiyeweza kuutua. Mimi ni mzaliwa wa Mbulu, Mwiraqw, nami nitalieleza jambo hili kwa habari za jirani zetu wa Hanang.

Jirani hao ni Wabarbaig, tawi moja la Wadatoga. Utotoni tuliwaita Wamang'ati, kama waitwavyo hata leo katika sehemu nyingi za nchi. Jina hilo si lao. Limetoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Tazama basi, msomaji, jinsi watu hawa walivyohukumiwa kabla ya kufikishwa barazani: kila amwitaye mmoja wao kwa jina hilo hutamka shtaka, hata kama anamwita aje kunywa chai. Serikali ya Kiingereza ilishika njia iyo hiyo. Ilikuwa na sheria ya adhabu ya pamoja, ambayo kwayo ng'ombe wa watu wasioua mtu waliweza kutwaliwa kuwa faini ya damu iliyomwagwa na mwingine. Sisi wa milimani tulipata mashtaka ya namna nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili tuliambiwa kwamba mifugo yetu ni mingi mno, na ya kuwa udongo wa Mbulu unamomonyoka kwa sababu yake, tukaamriwa tuipunguze.

Mwaka 1969 Hanang ilitengwa na Mbulu ikawa wilaya. Kwa wakati uo huo miji ya Tanzania ilikuwa inataka mkate, na ngano ya kutosha haikuwapo. Kanada ikakubali kusaidia, na kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa yakafunguliwa chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO. Yalifika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kila moja lilikaribia ekari 10,000, na upanuzi ulikusudiwa kufikia ekari 100,000.

Ilisemekana kuwa ardhi ile ilikuwa tupu. Lakini mfugaji wa Kibarbaig hana lisho moja tu. Ana la masika na la kiangazi, la mlimani na la bondeni, na kila moja lina jina lake na majira yake. Lililo bora, lenye udongo mzito na nyasi za kunenepesha, huitwa muhajega. Hilo hasa ndilo lililolimwa. Mtu akifika mwezi ambao makundi yako kwingine, ataapa kwamba hakuona mwenyewe. Hata vichuguu vya makaburi ya wazee wenye heshima, viitwavyo bung'ed, vilipitiwa na matrekta. Kisha yakafuata mambo ya ajabu. Wafugaji walipobanwa katika sehemu iliyosalia, nyasi zikaisha. Wakalaumiwa kwamba ng'ombe wao wanaharibu nchi. Walipopitisha ng'ombe kwenye njia zao za zamani, wakaitwa wavamizi.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani mwaka 1981, nacho kikashinda katika Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaugeuza ushindi ule. Ilisema kuwa baraza la kijiji halikuthibitisha kwamba liligawiwa ardhi ile kwa taratibu, na wanakijiji nao hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi, na kila mara hunishangaza. Mtu aliyekuja kuuliza malisho yake yako wapi aliulizwa yeye ni nani. Mwaka 1987 ikatoka amri ya serikali ya kufuta haki za kimila katika ardhi ya mashamba hayo.

Hapo ndipo kilio kilipovuka bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1980 barua ya wazi ilipelekwa kwa watu wa Kanada, na watetezi wa haki wa nchi mbalimbali wakaunga mkono. Walifanya kazi ya maana, wala sitawabeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliunda tume, chini ya Jaji Kisanga, kuyachunguza madai ya uonevu mashambani. Lakini kampeni ile nayo ilihitaji mkosaji mmoja na mtakatifu mmoja. Mkosaji akawa Kanada na trekta lake. Mtakatifu akawa Mbarbaig asiyewahi kuuza ndama wala kugombana na jirani. Adui wa jana akavishwa kanzu nyeupe isiyomtosha.

Na Wairaqw je? Majembe yetu, na baadaye plau zetu, yalikuwa yakishuka kusini kuelekea malisho yale yale tangu siku za Waingereza, na hayakungoja ngano ya mtu. Serikali haikuwa na sababu ya kututaja, kwa kuwa mkulima ndiye raia iliyempenda. Watetezi nao, nadhani, waliona kwamba tungeivuruga hadithi yao, maana maskini amnyang'anyaye maskini mwenziwe hapendezi katika barua ya kuomba msaada. Hivyo tulisalimika pande zote mbili.

Wabarbaig wenyewe hawakutusahau. Mzee mmoja niliyezungumza naye mnadani Katesh alinihesabia mabonde yaliyochukuliwa na shirika, kisha, bila kubadili sauti, yale yaliyochukuliwa na watu wa kwetu, na hesabu ya pili haikuwa fupi. Wageni wameondoka, na NAFCO haipo tena. Baadhi ya mashamba yamegawiwa wananchi na mengine yamo mikononi mwa wenye mitaji. Nilimwuliza mzee yule amlaumu nani zaidi. Alinyamaza kidogo, akauliza iwapo mimi, niliyesoma, nilijua njia ipi imeachwa wazi kwa ng'ombe wanaoshuka kwenye chumvi ya Balangida.