Harufu ya Moshi

Nataka kukusimulia aibu iliyonipata ugenini, nami naisimulia kwa hiari yangu.

Nilikuwa Cranbrook, mji ulio kusini mashariki mwa jimbo la British Columbia nchini Kanada, katika nchi ya asili ya Waktunaxa, watu ambao lugha yao haina ndugu ajulikanaye duniani. Bibi mmoja wa kabila hilo alikuwa ameweka mezani jozi ya viatu vya ngozi ya kulungu, vile viitwavyo mokasini, vyenye maua ya ushanga juu ya vidole. Nilivipenda papo hapo. Lakini alipotaja bei nilicheka, nikaanza kushindana naye kama nilivyozoea sokoni kwetu.

“Bibi,” nilisema, “kwetu ushanga si kitu adimu.”

Hakubishana nami. Alinipa kiatu kimoja, akasema, “Nusa.”

Kilinuka moshi, sawasawa na jiko la kuni la nyanya yangu.

Ndipo akanieleza. Ngozi huparuliwa nyama upande mmoja na nywele upande wa pili. Kisha hupakwa ubongo wa mnyama, mafuta yake yapenye ndani, halafu huvutwa na kunyoshwa bila kupumzika mpaka ikauke; kwa maana ikiachwa ikauke yenyewe huwa ngumu kama ubao. Mikono huuma, alisema, na mabega pia. Mwisho hushonwa mithili ya mfuko, ikatundikwa juu ya moto wa kuni zilizooza, usiotoa ndimi ila moshi mtupu. Moshi huo ndio uipao rangi ya kahawia, na ndio uifanyao, hata ikilowa theluji, ikauke na kuwa laini tena. Ngozi isiyofukizwa ikilowa hukakamaa.

Nami nilikuwa nimetazama ushanga tu! Tena ushanga wenyewe ulikuja na wageni. Mfanyabiashara David Thompson alijenga kituo chake katika nchi hiyo mwaka 1807, na shanga za vioo za Ulaya zikabadilishwa kwa ngozi za wanyama, kama vile shanga za Venice zilivyofika pwani yetu zikachukuliwa bara na misafara. Zamani wenyeji wa pande zile walipamba kwa miiba ya nungunungu.

Nilimwuliza kama alifundishwa na mama yake. La, alijibu, utotoni alipelekwa shule ya bweni, ambako watoto wa wenyeji walikatazwa kusema lugha yao. Kazi hii alijifunza kwa shangazi yake, akiwa mtu mzima mwenye watoto.

Nililipa bei aliyoitaja kwanza, nikaongeza noti moja. Alizihesabu fedha polepole, akanirudishia ile noti iliyozidi, wala hakutabasamu.

Viatu hivyo vimo kabatini mwangu. Havinitoshi vizuri, nakiri. Masika yakiingia na hewa ikawa na unyevu, moshi wa Kanada hunuka nyumba nzima.