Taya lililovunjika lina namba mbili

Ndugu wasikilizaji, pamoja na ninyi jamaa mliohama makwenu na kupokelewa hapa Songo, tangu tuliporusha kipindi juu ya ajali za moto, watu wananisimamisha njiani kuniuliza juu ya taya. Wengi wanafikiri taya haliwezi kuvunjika mpaka uso upasuke. Sivyo.

Taya la chini limepinda kama upinde. Likipigwa upande mmoja, mara nyingi linavunjika na upande wa pili. Dalili moja mgonjwa anaisikia mwenyewe: meno hayakutani tena kama zamani. Kinywa hakifunguki vizuri, damu inatoka, mdomo wa chini unaweza kufa ganzi. Mtu huyo msimlaze chali, damu na ulimi vinaweza kumziba pumzi. Akae ameinama mbele, ao alale kwa ubavu.

Munganga anapiga picha ya mfupa, kisha anafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa nyuzi za chuma, mara nyingi juma nne mpaka sita. Wengine wanapasuliwa na kutiwa vibati na skrubu. Kadhaa niliowahoji walitumwa Bukavu kwa kazi hiyo, na barabara ya Kamanyola mnaijua. Muda wote huo chakula ni cha kunywa kwa mrija: uji wa sosoma, mchuzi, ndagala iliyosagwa mpaka iwe unga laini. Na kifaa cha kukata nyuzi kiwe karibu na kitanda, maana akitapika kinywa kikiwa kimefungwa, anaweza kufa.

Sasa zile herufi na tarakimu. Zinatoka katika kitabu cha OMS kinachoitwa CIM-10. S02.6 maana yake taya la chini limevunjika. S02.5 ni jino limevunjika, S03.0 ni taya limechomoka tu. Lakini kitabu kinataka na namba ya pili, ya kusema sababu. V20 mpaka V29 ni aliyeumia akiwa juu ya moto. Zinazoanza na W, kutoka W00 mpaka W19, ni kuanguka. Y04 ni kupigwa na mtu kwa nguvu za mwili.

Hiyo ya pili ndiyo inanikosesha usingizi. Katika rejista nyingi nilizosoma, nafasi ya sababu ni tupu, ao imeandikwa neno moja: kuanguka.

Kuna mama mmoja, mhami, ambaye ameniruhusu nieleze habari yake bila kumtaja. Alipofika kwenye kituo cha afya hakuweza kusema, taya lilikuwa limevunjika. Muuguzi akauliza imekuwaje. Aliyejibu ni mwanaume aliyemleta: ameanguka kwenye mawe ya mtoni. Likaandikwa. Ni mwanaume huyohuyo aliyempiga. Mimi mama huyu aliniandikia kwa bic katika daftari la mtoto wake, nyuzi bado ziko kinywani.

Simlaumu sana muuguzi, foleni ilikuwa ndefu. Lakini jeraha hili linamnyang'anya mtu sauti, na anayesema mahali pake anaweza kuwa ndiye mwenye kosa. Kalamu na karatasi vingetosha, na yule mwanaume angoje nje. Asiyejua kuandika aulizwe maswali ya kujibu kwa kichwa.

Tunapohesabu mwisho wa mwezi, mama huyu yuko kati ya walioanguka. Wakubwa wa afya wakisoma hesabu hiyo wataona mawe yanayoteleza.

Baadaye alirudi pamoja na shangazi yake, akaonyesha daftari. Muuguzi alisoma, akaandika mstari mpya chini ya ule wa kwanza, akatia tarehe. Fishi ile haikai nyumbani. Shangazi ndiye anaiweka.