Wanaangalia Rodi, Kinachokatika ni Kiungo

Anayekodi boti kwenda kuvua kwa starehe huuliza maswali mawili: mna rodi gani, na tutapata nduwaro? Baada ya hapo anapiga picha. Mimi ndiye ninayeandaa zana na kuendesha chombo, boti ya faiba ya futi ishirini na tatu. Mara tunatokea Malindi ya mjini, mara Nungwi, kwa kadiri upepo unavyoruhusu. Nyumbani ni Kizimbani, kwenye mikarafuu, na majirani zangu wanaamini kwamba nalipwa kwa kukaa kitako na wageni tukipunga upepo. Wageni wenyewe hupita kwetu asubuhi kunusa mdalasini na iliki mashambani. Jioni simu inalia, wanataka bahari kesho yake.

Hilo la kesho ndilo linaloharibu mambo kabla hata zana hazijaguswa. Hoteli inahesabu tarehe, sisi tunahesabu mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: hapa Unguja maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4, na maji yote hayo hupita kwa nguvu baina ya Bawe, Changuu na Chapwani, kisha yanageuka na kurudi. Siku hiyo chubwi la gramu mia halifiki chini. Linaelea nyuma ya boti, mshipi umelala kama kamba ya kuanikia nguo, na mteja ananiambia hapa hapana samaki. Samaki wapo, ndoana ndiyo haijawafikia. Ukitia risasi ya nusu kilo inafika, lakini kidole hakisikii tena changu anapodonoa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, chubwi dogo linashuka wima na hata mtoto anavua. Nikimwomba mtu asogeze safari mbele kwa siku nne, anadhani nimepata mteja mwingine anayelipa zaidi.

Sasa zana zenyewe. Kati ya mkono wa mvuvi na samaki kuna uzi mkuu, fundo, kiungo kinachozunguka, waya au nailoni nene ya mbele, na ndoana. Watu wanamaliza pesa yao yote kwenye rodi na rili, kisha vile vitu vidogo wanavinunua kwa chenji iliyobaki.

Msimu wa Kaskazi uliopita alikuja kijana kutoka Muscat, wazee wake ni watu wa hapa hapa Ng'ambo. Amekuja na rili yake mkononi, ameizungushia taulo.

"Ami, hii peke yake inanunua ng'ombe."

"Mashallah. Na hiki je, mwanangu?" Nimemshikia kile kiungo cha shaba.

"Hicho walinipa bure dukani."

Nikamtolea changu, chenye mipira midogo ya chuma ndani, akakataa kwa adabu. Tulikwenda Leven Bank, ule mwamba ulio kaskazini ya Nungwi kuelekea Pemba, ambako juu maji ni mafupi na pembeni yanaanguka kwenye kina kikubwa cha mkondo wa Pemba. Ndege wamejaa, sehewa wanaruka, na chini yao wapo jodari. Akaja mmoja. Rili ililia, kijana akacheka, sote tukacheka. Jodari hapindi kushoto wala kulia, anashuka moja kwa moja chini, na uzito wote unakaa kwenye kitu kimoja. Uzi ukalegea. Tukavuta: rodi nzima, rili nzima, uzi mzima, kiungo kimefunguka mdomo. Hakusema neno mpaka tumefika pwani.

Kiungo kikiwa kizuri, kinachofuata kufa ni fundo. Nyuzi za kisasa za kusuka ni nyembamba na zina nguvu za ajabu, lakini zinateleza. Fundo linalokaa vizuri kwenye nailoni, kwenye uzi wa kusuka linajifungua lenyewe taratibu huku wewe unatazama mawimbi. Nailoni nayo ina tabia yake: ukikaza fundo kavu, msuguano unaipasha moto na kuidhoofisha pale pale kwenye fundo. Litie mate kwanza, ndipo ukaze. Huniamini, funga mafundo mawili nyumbani, moja kavu na moja la mate, uyavute kwa mizani ya mchuuzi.

Halafu ni meno. Nguru na mzia wana meno ya kukata nailoni nene kwa dafrao moja, na hukijui kilichotokea. Unavuta ncha iliyonyooka kama iliyokatwa kwa wembe. Kwao lazima waya, hata shubiri moja na nusu inatosha. Lakini ukiacha waya huo huo ukashuka chini kwa changu, ambaye ana macho makali na wasiwasi mwingi, utarudi na chambo chako. Hakuna mtego mmoja wa samaki wote. Wateja wanataka tufunge kimoja asubuhi tumalize nacho siku, na mimi nabadilisha mbele ya uzi kila tunapohama mwamba, vidole vinauma kwa chumvi, nao wanaona ninachelewesha.

Kwenye breki ya rili ndiko watu wanakogombana nami zaidi. Uzi wa paundi 50 hauwekewi breki ya paundi 50. Robo ya nguvu ya uzi, ikizidi sana theluthi, ndiyo inayofaa, kwa sababu uzi ulio majini wenyewe unavuta, fundo limepunguza nguvu, na samaki akiruka ana kishindo chake. Naiweka kwa mizani kabla hatujang'oa nanga. Samaki akishika tu, mwanamume anaona uzi unatoka, aibu inamshika mbele ya mkewe, anakaza. Pa! Hapo nishazoea, nageuza boti kimya kimya.

Rodi zinazoletwa nazo ni mtihani. Mtu anakuja na rodi ya mita tatu na nusu, ambayo imetengenezwa kwa kurushia kutoka ufukweni. Kwenye boti ndogo ncha yake inampiga baharia, kitako chake kinamchoma mwenyewe tumboni, na samaki akifika ubavuni huwezi kumsogeza kwa kulabu kwa sababu rodi inamweka mbali. Kwa boti kama yangu futi sita zinatosha. Nzito, fupi, ya kishamba kidogo. Haipendezi kwenye picha.

Na ukiniuliza mimi, kwa samaki wa chini sihitaji rodi kabisa. Nenda Nungwi ukamtazame mzee kwenye ngalawa, mshipi wake umezungushwa kwenye kipande cha ubao, kidole cha shahada kimevikwa mpira wa tyubu ya baiskeli usimkate. Anajua kama ni changu au ni pono kwa namna anavyogusa. Anajua chubwi limekaa juu ya jiwe au juu ya mchanga. Wateja wangu wanavua kwa vifaa vya maelfu ya dola mita hamsini kutoka kwake na yeye ndiye anayejaza pakacha. Kitu kimoja tu nawakataza: uzi wa kusuka kwa mkono mtupu. Nailoni inaunguza, uzi wa kusuka unakata hadi kwenye nyama, na samaki mkubwa hakusubiri ufungue.

Ndoana zinawachanganya hata wenyeji. Vijana wa mjini wanakwenda dukani wakitaka namba kubwa, wakidhani ndiyo ndoana kubwa. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Lakini ukishapita namba 1 hesabu inageuka, zinakuja zenye mkwaju na sifuri, 1/0, 4/0, 8/0, na hapo namba ikipanda ndoana nayo inakua. Kuna aliyetaka chewa akaja na paketi nzima ya namba 14. Tulizigawa kwa watoto wa gatini wanaovua kibua. Zipo pia zile za duara, ncha yake imeingia ndani. Hizo hazivutwi kwa kishindo kama watu wanavyoona kwenye filamu. Unakaza polepole, yenyewe inageuka na kumshika pembeni ya mdomo. Ukishtua mkono, umeitoa. Ni nzuri sana kwa nduwaro na sulisuli wanaorudishwa majini, maana hawaimezi. Na zile zinazosifiwa kwa kutoshika kutu, mimi sizipendi kwa samaki wa namna hiyo: uzi ukikatika anaondoka nayo mdomoni, wakati ya chuma cha kawaida ingeoza ikamwachia.

Chumvi inafanya kazi hata sisi tukiwa tumelala. Rili iliyorudi bila kuoshwa kwa maji baridi, kesho inazunguka kwa kusaga, baada ya wiki haizunguki. Lakini usiipige kwa bomba la nguvu, maji yanaisukuma chumvi ndani. Nyunyiza kidogo, futa, ilegeze breki, iweke kivulini. Nailoni iliyoanikwa juani juu ya paa la boti msimu mzima inapauka na kukauka, ukiikunja inavunjika. Hiyo hiyo ndiyo boti nyingi zinawafungia wageni, kwa sababu kwa macho bado ni uzi.

Nanga nayo ni zana ya kuvulia, ingawa hakuna anayeihesabu. Kwenye miamba tunatumia ya nondo, ile yenye meno manne, ikinasa unaivuta kwa mashine, meno yananyooka, inatoka. Ya chuma kigumu inabaki chini pamoja na kamba. Kamba yenyewe iwe mara tatu ya kina angalau, na upepo ukiwepo zaidi ya hapo. Boti za kukodi zinabeba mita thelathini na kuitupa nanga kwenye kina cha ishirini na tano, inaning'inia, boti inahama, wateja wanadhani wamekaa juu ya mwamba kumbe wanavua mchanga. Matumbawe usiyatupie nanga, na ya Chumbe usiyasogelee na mshipi: yamefungwa kwa uvuvi tangu 1994 na walinzi wapo.

Mpaka hapo nimesema ya kupoteza samaki. Yapo ya kupoteza watu.

Tarehe 10 Septemba 2011, usiku, MV Spice Islander I ilizama mbele ya Nungwi ikielekea Pemba, imepakia watu kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilipinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, upepo mkali. Miezi yote miwili ni ya Kusi, na sehemu zote mbili ni njia tunazopita na wateja wetu wenye kofia za jua. Zile zilikuwa meli. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaposema upepo unafika kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, maana yake kwa boti ya futi ishirini na tatu ni kwamba ukishuka bondeni huoni pwani. Mteja anatazama bahari ya ndani ya mwamba, imetulia, rangi ya kijani, ananiuliza naogopa nini.

Kusi hii tumemvuta mwenzetu mmoja kaskazini ya Nungwi. Mashine moja, plagi za akiba hana, petroli ya dumu imeingia maji, na chujio alishalitoa kwa sababu lilikuwa linapunguza kasi. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na wakati wa Kusi upepo unausukuma vile vile, kwa hiyo mashine ikizima huko hurudi Unguja, unakwenda zako Pemba ama unapita baina. Alikuwa na wageni watano, mmoja mtoto. Majaketi ya kujiokolea yalikuwemo, ndiyo. Yalikuwa chini ya ubao wa mbele, yamefungwa kwenye mfuko mmoja na mafundo yameshika chumvi, hayakufunguka mpaka tulipoyakata kwa kisu. Hakukuwa na la mtoto. Mikanda ya mawili ilikatika tulipowavisha. Na rodi, wallahi, zilikuwa nzuri kuliko zangu.

Simlaumu peke yake. Mashine ya pili, hata ya farasi 15, ni pesa, nayo inakula nafasi, na haionekani kwenye picha inayomleta mteja. Rodi zinaonekana. Mwenye boti ananunua kile ambacho mteja anakitazama.

Ukija Malindi au Nungwi kukodi boti, basi, rodi ziache. Mwambie nahodha atoe majaketi na ayavishe watu wako mkiwa bado pwani, mtoto kwanza. Mwambie awashe mashine ya pili uisikie. Mwambie aivute kamba ya nanga yote hadi mwisho, na akuonyeshe plagi za akiba ziko wapi. Nahodha anayejua kazi hatachukia. Akichukia, tafuta boti nyingine, zimejaa pale.